Kipilefti cha mkono wa kulia: ya kutarajia ukiendesha baiskeli katika nchi za watu

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Assalamu alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu amepata nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi, na juzi baada ya magharibi alinifuata barazani kuniuliza kama huko aendako ataweza kuendesha baiskeli kama anavyoendesha hapa Tanga. Nilicheka kwanza, kwa kuwa swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe kabla sijaondoka, nikajijibu kwa kujiamini sana, na jibu langu likadumu wiki tatu. Nimeona nisimjibu yeye peke yake, kwa sababu wapo humu wanaovuka mpaka wa Kenya pale Horohoro na baiskeli zao, na wapo wanaokwenda Muscat, Kigali au Ulaya wakiwa na imani kwamba mtu aliyekulia juu ya baiskeli hana jipya la kufundishwa.

Imani hiyo naielewa. Mji wetu ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zinaitwa kwa namba, na mtoto wa Tanga huijua baiskeli kabla hajajua kusoma vibao vilivyo kando ya njia. Mimi nilijifunza kwa Phoenix ya baba mdogo, mguu mmoja nimeupenyeza ndani ya fremu kwa sababu tandiko lilikuwa juu kuliko kifua changu, na nilipofika darasa la tano nilikuwa nabeba dumu la maji kwenye keria huku usukani nimeushika kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nilipofika mji mdogo wa mashariki mwa Uholanzi na kukuta wanafunzi, maofisa na wazee wa miaka themanini wote wapo juu ya baiskeli, nilijiona nimefika nyumbani. Nchi ile ina watu wapatao milioni 18, na baiskeli zake hukadiriwa kuwa milioni 23 na zaidi. Nani wa kuniambia kitu?

Ninalotaka kusema ni moja. Hatari ya ugenini haiko siku ya kwanza. Siku ya kwanza mtu ana hofu, na hofu humlinda: anajua kwamba kule watu hupita mkono wa kulia, anajikumbusha kila anapofika njia panda, na anageuza shingo mara tatu kabla ya kuvuka. Hatari huja hofu inapokwisha, mazoea ya nyumbani yakarudi bila kubisha hodi, kwa sababu akili huizoea nchi mpya mapema kuliko mikono na miguu.

Mimi ilinipata alfajiri ya Jumapili katika wiki ya tatu. Barabara ilikuwa tupu, hapakuwa na gari mbele yangu la kunikumbusha upande, na nilikuwa nawaza mtihani. Nikafika kwenye mzunguko ambao nilikuwa nimeupita kila siku bila shida, na mikono yangu ikageuza usukani kushoto kana kwamba nazunguka kipilefti cha hapa kwetu. Litazameni neno lenyewe. Tulilipokea kutoka kwa Waingereza likiwa amri ya kupita kushoto, tukalifanya jina la kitu, nami nikalibeba pamoja na amri yake hadi Ulaya. Nilikutana uso kwa uso na mama mmoja ambaye baiskeli yake ilikuwa na kisanduku cha mbao mbele cha kubebea mtoto, na wote wawili tukafunga breki. Hakunitukana. Alinyoosha kidole kwenye mshale mweupe uliochorwa kwenye lami, akasubiri nishuke na kugeuza baiskeli, kisha akaendelea na safari yake. Gurudumu langu lilikuwa limesimama kama shubiri mbili kutoka kwenye kile kisanduku, na mtoto aliyekuwa ndani alikuwa akila tufaa huku akinitazama.

Mchana wa siku hiyo nilifunga kipande cha kanga nyekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani, nikakiacha hapo miaka miwili. Wenzangu walidhani ni hirizi.

Jambo la pili ni macho. Hapa kwetu dereva, mtu wa baiskeli na mwenye mkokoteni huelewana kwa kutazamana. Ukifika makutano yasiyo na taa, unamtazama mwenye bajaji, naye anakutazama, mmoja anapunguza mwendo na mwingine anapita, na aghalabu hakuna anayekumbuka sheria inasemaje. Uholanzi watu hawatazamani, wanatazama rangi iliyochorwa chini. Ukiona safu ya pembetatu nyeupe imekatisha njia yako na ncha zake zimekuelekea wewe, wao huziita meno ya papa, na maana yake ni kwamba unampisha kila anayekatiza mbele yako. Pasipo na alama yoyote, anayetokea mkono wako wa kulia ndiye mwenye haki ya kutangulia, na tangu tarehe 1 Mei 2001 haki hiyo anayo hata mtu wa baiskeli mbele ya gari, ambapo zamani gari ndilo lililotangulia. Tramu haimo katika hesabu hiyo, nayo hupishwa.

Sasa mtu wa Tanga, kwa adabu yake, huona gari linatokea kushoto, akasimama lipite, ingawa haki ni yake. Anadhani ametenda wema. Dereva aliyekwisha kupunguza mwendo ili ampishe naye anasimama, aliye nyuma ya dereva anafunga breki, na nyuma ya mtu wa baiskeli kuna wanafunzi kumi wanaowahi darasa ambao hawakutarajia mtu asimame pale. Niligongwa kwa nyuma mara mbili kwa sababu ya adabu.

Mengine nitayapitia haraka. Ukitaka kukata kona, nyoosha mkono upande unaokwenda. Simu isiwe mkononi ukiwa unaendesha, kwani tangu tarehe 1 Julai 2019 ni kosa. Kibao cha duara la bluu chenye baiskeli nyeupe kinakulazimisha utumie njia ya baiskeli, na njia hizo mara nyingi zina lami nyekundu, kwa hiyo usitembee juu yake kwa miguu ukidhani ni kibaraza. Reli za tramu zikatishe kwa pembe, usizifuate sambamba, maana ufa wake unameza tairi jembamba.

Breki nazo zinastahili maneno. Baiskeli yangu ya Tanga ilikuwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Kule nilikuta baiskeli nyingi breki hiyo iko kushoto, na zile za bei ndogo hazikuwa na breki ya mkono kabisa, kwani unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mtu aliyezoea kurudisha pedeli nyuma ili kupumzisha miguu, kama tufanyavyo sote, atajikuta amesimama ghafla katikati ya njia. Jizoeze kwenye uwanja mtupu nusu saa kabla hujaingia barabarani.

Nuru pia itakuchanganya. Mwezi wa Juni jua huzama saa nne usiku, na Desemba huzama saa kumi na nusu za jioni, yaani wakati ambapo huku kwetu watu ndio kwanza wanatoka kuswali alasiri. Taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma ni lazima, na haziruhusiwi kuwaka na kuzimika. Barafu ya asubuhi haionekani kwa macho, hung'aa tu kama lami iliyomwagiwa maji, na ukiikanyaga huku umeinamisha baiskeli kwenye kona utakuwa chini kabla hujajua umeteleza. Upepo ni kitu ambacho sikukitarajia. Nchi haina vilima, lakini nilipofanya safari ya kilometa ishirini na upepo usoni, nilitamani mlima, maana mlima una mwisho na ukifika juu unapumzika.

Naomba waliokwenda kwingine waongeze.

Mchangiaji wa Makorora

Wa alaykum salaam, kaka. Nimesoma kwa makini na ninashukuru, ila naomba nipinge kidogo, kwa sababu umeandika kana kwamba ugeni huanzia pale ambapo watu wanapita kulia. Mimi nimekwenda Mombasa kwa baiskeli mara nne. Kutoka hapa mjini hadi Horohoro ni kilometa 65 za lami, unapita Amboni, Mabokweni na Duga Maforoni, kisha unaingia Lunga Lunga na kuendelea na Msambweni, Ukunda na Likoni. Ugeni wa Kenya kwa maoni yangu ni mgumu kuliko huo wa Uholanzi, kwa sababu hauonekani. Upande ni uleule wa kushoto, lugha ni ileile, minazi ni ileile, na hofu unayoisifu haiji kabisa. Mara ya kwanza nilivuka mpaka nikijiona bado nipo Mkinga, upande wetu.

Kilichonizindua ni gari la matatu, yaani daladala ya Kenya. Mimi nilikuwa nimejibana pembeni mwa lami, mahali ambapo huku kwetu mtu wa baiskeli huhesabu kuwa ni pake, na gari hilo likanipita kwa upande wa kushoto, juu ya changarawe, likasimama mbele yangu kushusha abiria. Niliangukia kwenye majani. Kondakta alinisaidia kuinuka, akanipa pole kwa Kiswahili kizuri sana, kisha akaniambia kwamba pale si mahali pa kukaa. Tangu siku hiyo nikikaribia kituo chochote ng'ambo ile natazama nyuma kwanza, na ikiwa kuna gari linakuja nashuka nisubiri. Kivuko cha Likoni nacho si cha kupanda ukiwa juu ya tandiko, kwani unashuka na kuisukuma baiskeli kwenye mteremko pamoja na umati wa watu, na aliye nyuma yako anasukumwa na mwingine. Ng'oa kengele ikiwa imelegea.

Kuhusu karatasi, wengi hukosea kwa kuona Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wakivuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Sisi tunahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu. La muhimu kuliko yote, chukua risiti ya baiskeli yako na uandike pembeni namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa kawaida chini pale zinapokutana pedeli. Katika mpaka mmoja ambao sitautaja nilikalishwa saa mbili nikirudi nyumbani, nikitakiwa nithibitishe kwamba baiskeli iliyojaa vumbi la safari nzima haikununuliwa ng'ambo.

Na kwa kuwa tumezungumzia mipaka, tukumbuke kwamba neno bodaboda lilizaliwa Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana waliwavusha watu kwenye keria za baiskeli katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpaka, kabla pikipiki hazijalichukua jina hilo.

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Kaka wa Makorora, nakubali, na umenirekebisha mahali panapostahili. Nilidhani hofu huletwa na tofauti tu. Kumbe panapofanana ndipo pa kujitia hofu kwa makusudi.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na kwa rika langu, hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, lakini nimefanya kazi Kigali miaka miwili, na niliendesha baiskeli kila siku isipokuwa siku za mvua kubwa. Katika nchi nane tunazopakana nazo, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji hupita kushoto kama sisi, na Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu hahitaji kupanda ndege ili akutane na kipilefti cha ndugu yetu. Kinamsubiri ng'ambo ya daraja la Rusumo, palepale penye maporomoko ya mto Kagera.

Saa nayo inabadilika hapohapo. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, na hilo linamdhuru mtu wa baiskeli kwa njia asiyoifikiria. Huku pwani nimezoea kuanza kuwasha taa saa kumi na mbili na nusu. Kule saa kumi na mbili kamili jua limekwisha kuzama, na siku za mwanzo nilikuwa napanga kurudi nyumbani saa kumi na mbili nikajikuta gizani kwenye mteremko, nikiwa na taa moja dhaifu na lori nyuma yangu.

Kuhusu vilima, mtu wa pwani asijidanganye. Nilikuwa naweza kwenda Kaole na kurudi mara tatu kwa siku bila kutoa jasho la maana, lakini kilima cha kwanza cha Kigali kilinishusha kabla sijafika nusu, na kijana aliyebeba magunia mawili ya viazi akanipita akisukuma yake kwa miguu. Ila kupanda hakuna hatari. Kushuka ndiko kwenye hatari. Usishike breki moja kwa moja toka juu hadi chini, kwa sababu rimu hupata moto hadi mpira wa ndani unapasuka. Bana, achia, bana tena, huku ukipokezana ya mbele na ya nyuma. Utaona pia vijana wanaoshika nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Usiige, hata kama umechoka kiasi gani.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi asubuhi usipange safari, kwani ni siku ya kazi za pamoja za jamii, ziitwazo umuganda, na shughuli za barabarani husimama hadi kazi iishe. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini vijijini ukipata pancha jifunze kwanza maneno mawili matatu ya Kinyarwanda. Heshima kwa mwendesha baiskeli ipo, na nadhani imeongezeka tangu Septemba 2025, ambapo mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika katika bara letu.

Mchangiaji wa Pongwe

Ndugu zangu, hakuna aliyetaja kofia ngumu. Je, ni lazima?

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Inategemea nchi, mzee wangu. Uholanzi wanaovaa kofia kwenye baiskeli ya kawaida ni wachache sana, na wanaozivaa mara nyingi ni wale wa mbio. New Zealand ni lazima kwa kila mtu tangu 1994, na Australia ilianza na jimbo la Victoria mwaka 1990. Kila nchi ina jambo lake la namna hiyo ambalo mgeni halijui mpaka limpate. Denmark, kwa mfano, hukati kona ya kushoto moja kwa moja kwenye makutano makubwa: unavuka kwanza hadi upande wa pili, unasimama, kisha unavuka tena, na ukitaka kusimama unainua mkono ili walio nyuma wajue. Wanaokwenda Oman nao wakumbuke kwamba upande ni wa kulia, na kwamba adui wao mkubwa miezi ya Mei hadi Septemba ni jua. Joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo wenye akili huendesha baada ya alfajiri na kurudi ndani mapema.

Mchangiaji wa Sahare

Kaka, umeandika mengi, lakini umeandika kama mwanamume. Mimi naendesha baiskeli nikiwa nimevaa baibui, na mara mbili pindo limeingia kwenye cheni hapa hapa Tanga. Mdogo wangu wa kike anatarajia kwenda nchi hizo hizo. Anatakiwa atarajie nini?

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Samahani, dada, umesema kweli. Katika hili Uholanzi itamstahi kuliko alivyozoea. Baiskeli zao za kila siku zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevaa nguo zake za kazini au koti refu. Cheni yote imefichwa ndani ya kasha, kwa hiyo pindo haligusi grisi wala meno ya gia. Juu ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, kuna ngao ya plastiki au ya kitambaa kigumu inayozuia nguo isiingie kwenye spoku. Fremu ya kike haina bomba la juu, na usukani umepinda kuelekea kwa mwendeshaji, hivyo anakaa wima kama aliyekaa kwenye kiti. Niliwaona akina mama wa Kisomali na wa Kituruki wakiendesha kwa magauni marefu bila kushika nguo. Anaponunua, aangalie kama kasha la cheni halijapasuka, kwa kuwa kuna baiskeli kuukuu ambazo mwenyewe alilitoa ili kurahisisha matengenezo, asilirudishe.

Jambo ambalo litamsumbua ni upepo, si cheni. Ushungi aubane vizuri kwa pini, na koti livaliwe juu ya baibui, kwa sababu baibui lililojaa upepo huwa tanga.

Fundi baiskeli, Ngamiani

Mimi sijatoka nje ya nchi, lakini baiskeli zilizotoka nje nimezitengeneza miaka ishirini na mbili, kwa hiyo naomba niseme la ufundi. Watu husafiri na pampu wasijue kama itaingia. Kuna valvu ya aina yetu, ile yenye kipira chembamba ndani ambacho kikichakaa tairi hulala usiku kucha bila pancha. Kuna valvu nene kama ya gari, ambayo iko kwenye baiskeli nyingi za milimani. Na kuna ile nyembamba ndefu ya baiskeli za mbio, ambayo lazima ulegeze kijinati chake cha juu kabla ya kujaza. Tazama unayo ipi kabla hujaondoka.

La pili ni namba ya tairi. Watu huja kwangu na tairi iliyoandikwa 28 wakidhani itaingia kwenye rimu yoyote ya 28. Haiingii. Soma ile namba ndogo iliyo ubavuni: rimu kubwa ya Phoenix ni 635, na tairi nyingi za Ulaya za siku hizi zilizoandikwa 28 ni 622. Tofauti ni milimita 13, na hakuna nguvu ya mikono itakayoziba milimita hizo. Anayepita mipaka aandike namba yake kwenye karatasi, kwa sababu fundi wa ugenini hataelewa ukimwambia ni baiskeli kubwa.

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Ahsante sana, fundi. Niongeze kwamba baiskeli za kawaida za Uholanzi nazo zina valvu ya familia hiyo hiyo ya kwetu, na nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani. Furaha iliisha nilipoona bei ya kuzibiwa pancha, ambayo hapa ningelipa mafundi wote wa barabara yako kwa wiki nzima. Kule viraka, solusheni na vyuma vitatu vya kung'olea tairi ni mali ya kila mtu, na unaziba mwenyewe kando ya njia.

Kijana anayesafiri

Shikamoo kaka, na shikamooni nyote. Mimi ndiye niliyeuliza barazani, na sikutarajia swali langu lifike huku. Nimebaki na moja. Je, nichukue baiskeli yangu hapa, au ninunue kule?

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Marahaba, mdogo wangu. Iache yako kwa mama, ununue kule iliyotumika, lakini ununue dukani na upewe risiti. Utakutana na mtu darajani usiku akikuuzia baiskeli nzuri kwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo imeibwa, na kuinunua ni kosa kisheria hata kama wewe hukuiba. Wizi ndio jambo la nchi ile ambalo hakuna mgeni anayeliamini mpaka limkute. Unahitaji makufuli mawili: la duara lililofungwa kwenye fremu ambalo linazuia gurudumu la nyuma, na mnyororo mzito unaofunga fremu kwenye chuma kisichong'oleka. Mnyororo wako usigharimu chini ya theluthi ya bei ya baiskeli, na usicheke, kwa sababu nilicheka mimi nikarudi nyumbani kwa miguu.

Uangalie pia unapoegesha. Katika mji mmoja niliiacha nje ya stesheni mahali ambapo nyingine mia zilikuwa zimeachwa, nikarudi jioni nikakuta nafasi tupu yenye kibao ambacho sikukisoma. Zilikuwa zimebebwa zote hadi ghala la mbali, na ili niipate ilinibidi nilipe na kujieleza. Stesheni kubwa zina maegesho maalumu, na lile la Utrecht, lililokamilika mwaka 2019, lina nafasi 12,500 chini ya ardhi. Ukiegesha humo, piga picha ya namba ya safu, vinginevyo utaitafuta baiskeli yako kama mtu aliyepoteza kandambili mlangoni mwa msikiti siku ya Idi. Ukitaka kupanda nayo treni, inahitaji tiketi yake, na siku za kazi hairuhusiwi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, wala kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, isipokuwa Julai na Agosti.

Kijana anayesafiri

Nimeyaandika yote kwenye daftari, kaka. Na kile kitambaa chekundu, bado unacho? Naona kitanisaidia kuliko daftari.

Mwanzisha uzi, Chumbageni

Ninacho, lakini sitakupa. Mwombe mama akukatie kipande cha kanga yake. Changu kipo kwenye baiskeli yangu hadi leo, ila nilikihamishia mkono wa kushoto wa usukani. Wiki ya tatu baada ya kurudi Tanga, alfajiri, barabara ikiwa tupu, bajaji ilinikuta nakwenda Raskazone kwa upande wa kulia.